Jinsi mwangwi wa mwanga unavyofichua faiba iliyokatika

Iwapo kebo ya faiba itakatwa na tingatinga kando ya barabara kuu ya Thika hadi Garissa, wakazi wa mji kama Matuu, Kaunti ya Machakos, huenda wakakosa intaneti kwa saa nyingi. Kebo huwa imezikwa ardhini, na fundi hana budi kuutafuta mkato kwa kutumia mwanga.

Kifaa ambacho mafundi hukiita OTDR hurusha mipigo mifupi ya mwanga ndani ya uzi wa kioo, kisha hupima muda ambao mwangwi wake huchukua kurejea. Katika kioo, mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya mikrosekunde 500, mkato uko umbali wa kilomita 50 hivi, kwa kuwa muda huo ni wa kwenda na kurudi.

Kwa hesabu hiyo, kosa la mikrosekunde moja tu huwapeleka wachimbaji mita 100 kando ya mahali panapofaa.

Urefu wa mpigo una uzito wake. Mpigo wa mikrosekunde moja huchanganya kasoro zilizotengana kwa chini ya mita 100. Ule wa nanosekunde 10 huweza kutenganisha zilizo umbali wa mita moja hivi. Hata hivyo, mpigo mfupi hubeba nishati kidogo, na mwangwi wake humezwa na kelele za kifaa. Dawa yake ni kurudia kipimo: wastani wa vipimo 10,000 hupunguza kelele hizo takriban mara 100.

Kasi ya mwanga nayo sharti iwekwe sawasawa. Fundi akiandika kipimo cha kioo kuwa 1.470 badala ya 1.468, atakosea kwa karibu mita 70 katika kilomita 50.

Isitoshe, uzi huwa mrefu kuliko kebo yenyewe, na akiba yake huachwa imezungushwa kwenye mashimo ya viungo. Ndiyo maana fundi stadi huhesabu umbali kutoka kiungo cha karibu kinachojulikana. Mkato ukiwa kilomita mbili kutoka kiungo hicho, kosa lile lile la kasi hushuka hadi chini ya mita tatu.

Kwa hivyo, kumbukumbu sahihi za viungo, zilizoandikwa siku kebo ilipozikwa, zina thamani sawa na kifaa chenyewe.