Sasisha, hamisha, boresha: vitenzi vya mabadiliko ya programu

Aina: vitenzi elekezi. Uga: teknolojia ya habari, programu huria.

Katika tafsiri nyingi za programu, vitenzi hivi vitatu hutumiwa kana kwamba ni visawe. Sivyo. Tofauti yake huonekana wazi zaidi pale programu inapobadilishiwa msingi wa kiolesura chake, kwa kuwa tukio hilo moja huwa na watendaji wawili, na kila mtendaji hustahili kitenzi chake. Mfano unaotumiwa hapa ni Kate, kihariri cha msimbo cha jumuiya ya KDE, ambacho toleo lake lililojengwa juu ya Qt 6 badala ya Qt 5 lilitolewa tarehe 28 Februari 2024.

Uundaji

Sasisha hutokana na kielezi sasa, na boresha hutokana na kivumishi bora. Vyote viwili vimepewa kiambishi cha kusababisha. Tofauti ya -isha na -esha ni ya upatanifu wa irabu tu: a hufuatwa na -isha, o hufuatwa na -esha. Hamisha ni kauli ya kutendesha ya hama. Kwa hiyo maana za msingi ni hizi: kusasisha ni kukifanya kitu kiwe cha sasa, kuboresha ni kukifanya kiwe bora, kuhamisha ni kukitoa mahali kilipokaa na kukiweka pengine.

Jambo lenyewe

Zana za kiolesura ni mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari, ambao huchora madirisha, menyu na vitufe, hupokea mibofyo ya kipanya na kuonyesha maandishi. Msanidi wa kihariri haandiki upya mambo hayo, huyaazima. Qt na GTK ni mifano mashuhuri ya zana hizo.

Qt huahidi kwamba programu iliyojengwa kwa toleo kuu fulani itaendelea kufanya kazi katika matoleo madogo yanayofuata ya toleo kuu hilohilo. Ahadi hiyo haivuki kutoka 5 kwenda 6. Qt 6 hudai kiwango cha C++17 cha lugha ya C++, na baadhi ya vijenzi vya zamani viliondolewa katika kiini chake. QRegExp, kilichotumika kutafuta ruwaza katika matini, ni kimojawapo. Aliyekitegemea alipaswa kuandika upya sehemu hizo kwa QRegularExpression, au kuegemea kwa muda moduli ya upatanifu. Programu-jalizi zilizojengwa kwa Qt 5 nazo hazipakiki ndani ya programu ya Qt 6 mpaka zijengwe upya.

Haikuwa tamaa ya vitu vipya. Qt 5.15 lilikuwa tawi la mwisho la Qt 5, na kuanzia Januari 2021 marekebisho yake mapya yalitengewa kwanza wenye leseni ya biashara. KDE ikalazimika kudumisha yenyewe mkusanyiko wa viraka vya tawi hilo. Kubaki Qt 5 kulikuwa sawa na kukaa katika nyumba ambayo fundi wake amekwisha kuhamia kwingine.

Matumizi

1. Hamisha ni kitenzi cha msanidi. Qt 6.0 ilitoka Desemba 2020. Kate ya Qt 6 ilitolewa rasmi zaidi ya miaka mitatu baadaye. Kazi ya namna hiyo haiitwi kusasisha.
Wasanidi wameihamishia Kate kwenye Qt 6.
Kate imehamishwa kutoka Qt 5 hadi Qt 6.

2. Sasisha ni kitenzi cha mtumiaji, na pia cha msanidi anapopokea toleo dogo lisilomdai kuandika upya msimbo wake.
Sasisha Kate ili upate toleo la 24.02.
Tumesasisha Qt kutoka 5.14 hadi 5.15.

3. Boresha ni kitenzi cha hukumu. Husema kwamba hali ya sasa inashinda ya awali, kwa hiyo mfasiri akitumie pale tu ubora huo unapotajwa. Kuhamishia programu kwenye zana mpya hakuhakikishi kwamba mtumiaji ataona chochote kilichoboreka. Mara nyingi mafanikio ya kazi hiyo ni kwamba haoni tofauti.

4. Si kila mpito ni uhamisho. Katika GNOME 42, iliyotoka Machi 2022, nafasi ya gedit ilichukuliwa na kihariri kingine kilichoandikwa kwa GTK 4. Hapo gedit haikuhamishwa. Ilibadilishwa kwa programu nyingine. Andika: nafasi yake imechukuliwa na.

Tahadhari za kisarufi

Jina la programu lisilo la Kiswahili hufuata ngeli ya nomino inayoeleweka: programu (i-/zi-) au kihariri (ki-/vi-). Andika Kate imehamia Qt 6, au kihariri Kate kimehamia Qt 6. Sentensi Kate amehamia Qt 6 ni kosa, na msomaji atamfikiria mwanamke aliyebadilisha makazi. Hatari hiyo huongezeka kwa sababu hamishiwa ni kitenzi cha kila siku cha watumishi: mwalimu amehamishiwa Dodoma. Kwa sababu iyo hiyo, tofautisha kihariri, chombo, na mhariri, mtu.

Hamisha hukamilishwa na kutoka… hadi…. Hamishia tayari imebeba mwelekeo, na hufuatwa na kwenye au na jina la mahali papya moja kwa moja. Epuka kuhamishia hadi.

Ushauri kwa mfasiri

Mfano wa taarifa iliyopotoshwa: Kate imeboreshwa hadi Qt 6; sasisha programu-jalizi zako. Msomaji aliyejiandikia programu-jalizi yake ataamini kwamba kubofya kitufe kunatosha, kisha ataikuta haifunguki. Taarifa iliyo sahihi ni hii: Kate imehamishiwa kwenye Qt 6, programu-jalizi zilizojengwa kwa Qt 5 zinapaswa kujengwa upya.

Kabla ya kuchagua kitenzi, uliza: nani anatenda, na anatakiwa kufanya kazi gani? Akibofya tu, anasasisha. Akiandika upya msimbo ili programu ikae juu ya msingi mwingine, anahamisha. Boresha isubiri mpaka ubora uthibitike.

Tazama pia: huisha, badilisha, kiolesura, programu-jalizi, toleo.