Kigego: Habari za Neno na za Mtoto

Katika Kiswahili yako majina mengi ya watu yanayoanza kwa ki-, nayo yataja upungufu wa mwili: kipofu, kiziwi, kiwete, kibyongo, kilema. Katika safu hiyo limo neno kigego, ambalo wanafunzi wa lugha hulipita upesi. Kipofu ni kipofu hata asipoitwa hivyo, kwa kuwa macho yake hayaoni. Lakini kigego hana upungufu wowote ila ule aliopewa na watu. Kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, au aliyezaliwa hali jino limekwisha kutokeza. Tumekusudia kueleza hapa habari za mtoto huyo, kwa sababu jina lake lingali katika makamusi yetu, na hofu iliyolizaa haijatoweka.

Kwanza tuangalie mwili wenyewe. Kwa kawaida mtoto huota meno mawili ya mbele ya chini kati ya mwezi wa 6 na wa 10, na ya juu kati ya mwezi wa 8 na wa 12. Kwa kuwa nyakati hizo zapandana, si ajabu ya juu yakitangulia. Kuzaliwa na jino ni jambo la nadra zaidi. Waganga wa meno hukadiria mtoto mmoja katika 2,000 au 3,000. Mara nyingi huwa ni jino la utoto lenyewe, ambalo chipukizi lake lilikaa karibu mno na uso wa ufizi, likatoka mapema. Huweza kuchubua ulimi wa mtoto au kumwumiza mama anyonyeshapo, na likilegea sana daktari huling'oa ili mtoto asije akalivuta kooni. Zaidi ya hayo halina habari.

Walakini watu wa zamani waliliona kuwa lina habari kubwa. Richard Burton, aliyesafiri toka pwani hata Tanganyika na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860, ameandika ya kuwa kwa Wazaramo mtoto wa namna hiyo aliuawa, au alitolewa kwa watu wengine, au aliuzwa kwa wafanya biashara ya watumwa, kwa kuwa waliogopa ya kwamba ataleta maradhi na mauti nyumbani. Waswahili wa pwani, asema, walimwua; bali Waarabu wa Unguja walisoma hitima, kisha wakamwapisha mtoto kwamba hatawadhuru jamaa zake, na kama hajajua kusema alitikisa kichwa. Tukipima desturi hizo twaona ya kuwa hofu ilikuwa moja, lakini dawa yake haikuwa moja. Palikuwapo njia ya kumwacha hai hata kwa watu walioamini.

Wala mtu asidhani ya kuwa mambo hayo yalikuwa ya Afrika tu. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, asimulia habari za Valeria, aliyezaliwa na meno; waaguzi wakatabiri ya kuwa mji atakaopelekwa utaangamia. Tena huyo huyo Pliny amtaja Manius Curius, aliyezaliwa vivyo hivyo akaitwa Dentatus, maana yake mwenye meno. Naye ndiye jemadari aliyemshinda mfalme Pyrrhus mwaka 275 K.K. Louis wa 14 wa Ufaransa alizaliwa mwaka 1638 na meno mawili. Alama ilikuwa moja: kwa binti ilisomwa kuwa msiba, na kwa mwana wa kifalme haikumzuia kuketi katika kiti cha enzi.

Ushahidi mkubwa kuliko wote tunao katika Kiswahili chenyewe. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy aliandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa kwanza na misheni huko Magila, kikatolewa tena Nairobi mwaka 1962. Humo twasoma ya kuwa Mbegha, mzaliwa wa Nguu, aliota meno ya juu kwanza. Kwa desturi ya kwao alipasa kuuawa, lakini wazazi wake walimpenda, wakamlea. Jina, hata hivyo, halikumtoka. Wazazi walipokwisha kufa, jamaa zake walimnyima urithi kwa hoja hiyo hiyo ya meno. Ndipo akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akaenda Kilindi, akapita Zirai na Bumbuli, akiwinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba na kuwagawia watu nyama. Mwisho Wasambaa wakamfanya mfalme wao huko Vuga. Wanahistoria huweka habari hizi katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Mwaka 1848 Ludwig Krapf alipopanda Vuga kuomba ruhusa ya kufundisha Injili, alipokewa na mfalme Kimweri, wa uzao wa mtoto yule ambaye kwa desturi hakupasa kuishi.

Tusikitie kitabu maneno kisiyoyasema. Hakikuandikwa ili kuilaumu desturi. Lakini wasimulizi wangaliweza kuyaficha meno ya Mbegha kwa heshima ya wafalme wao, wala hawakuyaficha. Waliacha mbele ya wasikilizaji wao mtu aliyehesabiwa kuwa mwangamizi wa nyumba, naye akajenga nyumba ya kifalme. Mwalimu atakaye kusema juu ya jambo hili hana haja ya kutafuta mfano ng'ambo.

Kuuawa kwa vigego kulikoma, lakini mashaka juu ya fizi za watoto yalipata jina jipya. Tangu miaka ya 1980 Tanzania imesikia habari za meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita ya nailoni. Mtoto mchanga akishikwa na homa na kuhara, huonwa uvimbe katika ufizi mahali pa chonge, husemwa kuwa jino hilo ndilo linalomwua, nalo huchimbuliwa kwa chombo kisicho safi. Uvimbe ule ni chonge la kawaida lingojalo wakati wake. Baada ya kuchimbuliwa hufuata kutoka damu, donda, pepopunda, na pengine kifo. Na akipona, jino la ukubwani huweza kuota limeharibika au lisiote kabisa. Hivyo kinywa kilichoumbwa sawa hupata kilema kwa mkono wa mtu, na ugonjwa wenyewe, ambao ungalitaka maji ya chumvi na sukari na dawa ya daktari, huachwa.

Tukiwaza chanzo cha mambo haya twaona ya kuwa si ukatili wa moyo. Watoto walikufa wengi, na umri wa kufa ulikuwa umri wa kuota meno. Mama aliyefiwa alitafuta sababu, akaiona kinywani. Kwa hiyo haifai tumcheke. Yatupasa kumwuliza kwa upole mtoto anaumwa nini, kufuatana naye mpaka hospitali, na kumkumbusha habari za Mbegha, ambaye mama yake alimtazama kinywani, akaona meno ya juu, akamnyonyesha.