Kupunguza si kunyoa

Kwa nywele tuna vitenzi vitatu ambavyo magazeti yetu huvichanganya ovyo. Kunyoa ni kazi ya wembe au mashine, hadi karibu na ngozi. Kukata ni kuondoa urefu. Kupunguza ni kitenzi chenye subira: hugusa urefu na wingi, kidogo kidogo, na ndicho kinachomfaa mwenye nywele za singa anayejitengenezea matabaka nyumbani.

Tazama kazi yenyewe. Anainama, anachana nywele zote kuelekea mbele, anazifunga kwa mpira juu ya paji la uso, kisha anapunguza ncha. Nywele za kisogoni zimesafiri mbali zaidi kuufikia mpira, hivyo zikiachiwa hubaki ndefu, na za mbele huwa fupi. Mkasi ausimamishe wima, achokoe ncha tu. Singa haifichi kitu. Mkasi ukilazwa, mkato wake huonekana wazi.

Methali humwambia anayengoja kunyolewa atie maji. Kwa wembe ni sawa kabisa. Kwenye kupunguza, maji hudanganya: unywele uliolowa hunyumbuka, na ukikauka hurudi juu kuliko ulivyokusudiwa. Anayeanza azipunguze zikiwa kavu.

Na hayo matabaka? Nasikia “leya” kila saluni. Sioni haja yake. Tabaka tunalitumia kwa hewa na kwa miamba, na kila anayelisikia huona kitu kimelala juu ya kingine.