Burse na Mlezi: Habari za Koleji ya Holy Cross huko Marekani

Mara nyingi sisi mapadri tunafikiri kwamba kijana maskini akipata mtu wa kumlipia masomo, shauri limekwisha. Historia inatufundisha neno lingine. Feza inafungua mlango tu. Mlango ukiisha kufunguliwa, sherti awepo mtu wa kuingia pamoja na kijana na kumwonyesha pahali pa kukaa. Tutazame basi habari za koleji moja ya Wajezuiti, Holy Cross, maana yake Msalaba Mtakatifu, katika mji wa Worcester, Marekani.

1. Mwanzo wenye doa

Koleji ile ilianzishwa mwaka 1843 na Benedict Fenwick, Askofu wa Boston. Mkubwa wake wa kwanza alikuwa Padri Thomas Mulledy. Padri huyohuyo, alipokuwa Provinsiali wa Wajezuiti wa Maryland katika 1838, aliuza watumwa 272, waume kwa wake na watoto, na wengi wao wakapelekwa Louisiana. Sehemu ya feza ile ililipa madeni ya koleji ya Georgetown. Haifai tufiche neno hili, maana Kanisa halihitaji uwongo wetu.

Lakini katika 1844 walifika Holy Cross wana wa Michael Healy, mtu wa Irlandi mwenye shamba kubwa katika Georgia. Mama yao, Eliza, alikuwa mtumwa wa baba yao, na kwa sheria ya Georgia watoto wa mtumwa ni watumwa. Baba yao alikuwa amekutana katika meli na John Fitzpatrick, Askofu msaidizi wa Boston, naye akamwambia juu ya koleji mpya. James Healy alimaliza masomo mwaka 1849, akiwa wa kwanza katika kelasi yake. Akapewa upadri katika Notre-Dame ya Paris mwaka 1854. Fitzpatrick akamfanya mwandishi wake, akamlea katika kazi. Mwaka 1875 akawa Askofu wa Portland, mtu wa kwanza wa damu ya Afrika kuwa askofu katika Marekani. Ndugu yake Patrick, Mjezuiti, akawa mkubwa wa Georgetown katika 1874: koleji ileile iliyookolewa kwa feza ya watumwa!

Tusifurahi upesi. Feza iliyowasomesha wana wa Healy ilitoka katika jasho la watumwa wa baba yao. Tena baadhi yao rangi yao ilikuwa karibu na nyeupe, wengi hawakujua asili yao. Mlango uliowapitisha haukubaki wazi kwa wengine. Miaka zaidi ya mia baadaye, weusi wa Holy Cross walihesabika kwa vidole.

2. Padri aliyetoka kuwatafuta

Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa katika Memphis. Huko Holy Cross alikuwako mwalimu wa teolojia, Padri John Brooks, aliyekuwa askari katika vita vya pili vya dunia kabla ya kuingia kwa Wajezuiti. Yeye hakutosheka na kusoma Misa ya wafu. Alikwenda kwa motokari mpaka Philadelphia, akaingia katika mashule ya kikatoliki, akatafuta vijana weusi wenye akili, akaomba koleji iwape burse. Mwaka ule ule walifika karibu 20. Aliona vema kuwaleta wengi pamoja, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Mmoja wao alikuwa Clarence Thomas. Huyu alikuwa mseminari katika Missouri. Akamsikia mwenzake akifurahia kupigwa risasi kwa King, akaacha seminari. Waseminari wasomao habari hii wapime uzito wa neno moja la kinywa. Mwingine alikuwa Edward Jones, ambaye mama yake hakujua kusoma wala kuandika. Mjezuiti mmoja kijana, aliyekuwa bado masomoni, ndiye aliyemwonyesha njia ya koleji. Basi hata asiyepata bado upadri aweza kuwa mlezi.

3. Siku ya kupimwa

Katika Desemba 1969 wanafunzi wazungu na weusi walizuia kampuni ya General Electric isiandike wafanyakazi katika koleji. Wazungu walikuwa wengi zaidi katika fujo ile, lakini adhabu ya kufukuzwa kwa muda iliwaangukia weusi karibu wote waliokuwapo, na wazungu wachache tu. Weusi wa koleji nzima wakafunga mizigo, wakaondoka. Waliacha burse zao, na wengine hawakuwa na tumaini la kupata nyingine.

Padri Brooks aliwatetea mbele ya mkubwa wa koleji, Padri Raymond Swords. Baada ya siku chache adhabu ikaondolewa kwa wote, vijana wakarudi. Hapo ndipo mlezi anapojulikana. Kumpenda kijana anaposhukuru ni kazi rahisi. Kumsikiliza anapokasirika kwa haki ni kazi ya baba.

4. Matunda

Brooks alikuwa mkubwa wa koleji tangu 1970 mpaka 1994, akafa mwaka 2012. Thomas aliingia katika Tribinali Kuu ya Marekani mwaka 1991. Jones akawa mwandishi, akapata zawadi ya Pulitzer katika 2004. Theodore Wells akawa avoka mwenye sifa. Hawafikiri namna moja: katika 2023 Thomas alikubali hukumu inayokataza universite kutazama rangi ya mtu wakati wa kumpokea, na wengi waliona hukumu hiyo inafunga mlango. Mlezi hatengenezi mfano wake mwenyewe. Anasimamisha mtu huru mbele ya Mungu.

Katika 2016 nyumba moja ya koleji, iliyokuwa na jina la Mulledy, iliongezewa jina la Brooks. Baadaye likabaki la Brooks peke yake.

Ndugu mapadri, nanyi makatekista: mkimlipia mtoto masomo, msihesabu franka tu. Ulizeni: nani atakwenda kumwona katika mwezi wa pili, asipoandika barua? Nani atasimama naye siku atakapoambiwa aondoke? Kama hakuna, tumempa nusu ya zawadi.