Yugoslavia: Timu Iliyobaki Bila Nchi

Vijana wenzetu, leo tunaandika juu ya timu ya taifa ambayo hauwezi tena kuikuta kwenye kombe lolote, maana nchi yake imekufa.

Kwa sisi tuliotoka Kongo jina la Yugoslavia si geni. Wazee wakilisikia wanaguna, kwa sababu ya tarehe 18 Juni 1974, Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi: Yugoslavia 9, Zaire 0. Kumbe hata kocha wa Zaire siku ile, Blagoje Vidinić, alikuwa mtu wa Yugoslavia. Alikuwa kipa kwenye kikosi chao kilichochukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1960. Leo majina yote mawili hayapo kwenye ramani. Zaire ilibadilishwa jina mwaka 1997, lakini Yugoslavia ilivunjika vipande vipande.

Nchi hiyo iliundwa mwaka 1918 kwa kuunganisha Waserbia, Wakroatia, Waslovenia na wengine. Mwaka 1930 timu yao ilikwenda Uruguay kwenye Kombe la Dunia la kwanza, ikaifunga Brazil 2-1, ikafika nusu fainali. Lakini wachezaji wa Kroatia waligoma kwenda, kwa sababu makao makuu ya chama cha mpira yalihamishwa kutoka Zagreb kwenda Belgrade. Yaani ugomvi wa nani mwenye nyumba ulikuwepo tangu zamani.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, chini ya Tito, timu ilichanganya watu wa jamhuri zote sita. Ilipata fedha ya Olimpiki mara tatu mfululizo, 1948, 1952 na 1956, kabla ya ile dhahabu. Ilifika fainali ya Ulaya mwaka 1960 na 1968, zote ikafungwa. Mwaka 1987 vijana wao walichukua Kombe la Dunia la vijana kule Chile. Mlikuwa na akina Boban, Šuker, Prosinečki na Mijatović. Ungesema hawa wakikomaa nani atawaweza?

Nafasi hiyo hawakuipata. Mei 1990 mashabiki wa Dinamo Zagreb na wa Red Star ya Belgrade walipigana uwanjani. Boban akampiga polisi teke, akafungiwa, akakosa Kombe la Dunia. Wiki tatu baadaye timu ya taifa ilicheza na Uholanzi palepale Zagreb, na watu wa nyumbani wakauzomea wimbo wa taifa. Hata hivyo, kule Italia kocha Ivica Osim, mzaliwa wa Sarajevo, aliwafikisha robo fainali. Walicheza na Argentina ya Maradona wakiwa kumi tangu kipindi cha kwanza, wakatoka 0-0, wakatolewa kwa penalti.

Mwaka 1991 Slovenia na Kroatia zilijitangaza huru, vita vikaanza. Timu iliyobaki ilifuzu Euro 1992, ikiongoza kundi mbele ya Denmark. Lakini Aprili 1992 Sarajevo ikazingirwa, na mke wa Osim alikuwa ndani ya mji. Mwezi Mei Osim akajiuzulu. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaweka vikwazo, mpaka kwenye michezo. Wachezaji walikuwa wameshafika Sweden, wakarudishwa. Denmark ikaitwa ghafla kuziba nafasi, ikabeba kombe.

Serbia na Montenegro ziliendelea kutumia jina la Yugoslavia mpaka 2003, lakini ile timu ya wote ilikuwa imekwisha. Kroatia peke yake ilishika nafasi ya tatu mwaka 1998, na 2018 ikafika fainali. Nahodha wao, Luka Modrić, utotoni alikimbia vita na kuishi hotelini na wakimbizi wenzake.

Kwenye kila bonanza hapa kambini tunaambiwa mpira unaunganisha watu. Sisi tunakubali nusu. Vijana wa Osim walikuwa wa makabila mbalimbali na walipasiana mpira mpaka mwisho. Walioshindwana ni wakubwa wao, waliokuwa wakigombania nchi. Timu haikuleta vita, na haikuwa na nguvu ya kuvizuia.

Kwa hiyo ligi yetu ikipangwa tena, tunaomba timu zisigawanywe kwa taifa wala kabila. Tuchanganyike. Na ninyi ndugu wa mashirika, asanteni kwa mipira na jezi, ila msiishie hapo. Watu wakigombana bombani kwa sababu ya maji, jezi haitawapatanisha. Tuwekeeni pia mahali pa kukaa na wazee wa pande zote, tuzungumze mapema, wakati bado tunapasiana.