Msimbo wa QR Mezani: Mgahawa wa Nyamugari Unahitaji Nini

Msimbo wa QR ni mchoro wa vijiraba vyeusi na vyeupe ambao kamera ya simu huusoma na kuugeuza kuwa maandishi, namba au anwani ya intaneti. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kikosi cha Masahiro Hara wa kampuni ya Denso, kwa kazi isiyohusiana kabisa na chakula: kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Hara amesimulia kwamba wazo lilimjia akicheza Go, mchezo wa kete nyeusi na nyeupe. Wenye hataza hawakudai malipo kwa watumiaji wa kawaida, na hiyo ndiyo sababu mchoro wa kiwandani umefika hadi mezani kwa mama lishe.

Miraba mitatu mikubwa ya pembeni huijulisha simu msimbo umeelekea upande gani, hata ukiwa kichwa chini. Vijiraba vingine hubeba taarifa pamoja na akiba ya kurekebisha makosa, na katika ngazi ya juu kabisa msimbo husomeka ijapokuwa karibu asilimia 30 yake imeharibika. Kwenye meza inayopitiwa na mafuta ya mshikaki kila jioni, ngazi hiyo ndiyo ya kuchagua.

Mgahawani msimbo huu hufanya kazi tatu: kuonyesha orodha ya vyakula, kupokea oda na kupokea malipo. Ya kwanza ilienea duniani mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, watu walipoogopa kushika karatasi iliyoshikwa na wengine. Hofu ilipopungua, wateja wengi walichoka kuinamia simu kabla ya kula, na baadhi ya migahawa ikarudisha karatasi. Walikuwa na haki.

Sasa tuulete msimbo huo Nyamugari, jina la mahali linalopatikana Gitega na pia Muyinga, nchini Burundi. Desturi ya mitandaoni ni kuweka menyu kwenye ukurasa uliojaa picha. Picha hizo hula bando la mgeni, na mtandao ukisuasua anabaki kutazama kioo cheupe huku njaa ikimuuma. Ipo njia nyepesi isiyotajwa sana: kuandika menyu ndani ya msimbo wenyewe, bila anwani yoyote. Msimbo wenye vijiraba 57 kwa 57 hubeba herufi zipatazo 200 hata kwa ngazi ya kati ya urekebishaji. Hizo zinatosha mukeke, ndagala, maharage, ndizi, isombe na bei zake kwa faranga. Simu yenye programu ya kusoma misimbo huyaonyesha maandishi hayo bila intaneti. Kasoro yake ni kwamba bei ikipanda lazima uchapishe upya. Anwani ya kupitia kampuni ya misimbo huondoa usumbufu huo, ila ada ya kampuni isipolipwa msimbo hufa, na stika inabaki pambo.

Faida kubwa zaidi naiona kwenye lugha. Muyinga iko njiani kutoka Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania, na dereva wa lori anayetoka Tanzania huenda hajui Kirundi. Misimbo miwili kwenye kadi moja, mmoja wa Kirundi na mmoja wa Kiswahili, humwezesha kuagiza bila mkalimani.

Kwenye malipo, majirani wametangulia. Benki Kuu ya Tanzania ina kiwango cha TANQR, na Benki Kuu ya Kenya ilizindua chake mwaka 2023. Lengo ni moja: msimbo mmoja wa kaunta uhudumie wateja wa benki na wa mitandao mbalimbali, badala ya kaunta kujaa stika. Burundi watu hutumiana pesa kwa huduma kama Lumicash na EcoCash, na simu ya batani hukamilisha muamala kwa kubonyeza namba tu, bila kamera. Kwa hiyo namba ya kulipia iandikwe kwa tarakimu kubwa, na kama kuna msimbo, ukae kando yake. Mwenye kitochi asijione mgeni wa daraja la pili.

Malipo ya msimbo yana hatari yake pia: tapeli hahitaji ujuzi mwingi, maana hubandika stika yake juu ya yako na pesa ikaenda kwake. Mhudumu akague kadi kila asubuhi, na mlipaji asome jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri.

Vipimo havina siri: msimbo wa sentimita 3 husomwa vizuri kutoka umbali wa takribani sentimita 30, kwa hiyo wa ukutani uwe mkubwa zaidi. Uchapishwe kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe, na pembeni iachwe nafasi tupu. Plastiki inayong'aa huakisi taa na kuipofusha kamera.

Karatasi ya menyu ibaki mezani. Na kabla ya kubandika kadi zote, jaribu moja kwa simu janja ya bei ya chini kabisa utakayoazima, saa moja jioni, umeme ukiwa umekatika.