Mvua Ikikosekana, Nani Aulizwe?

Sokoni Jebel, magharibi mwa Juba, Sudan Kusini, unga wa mahindi unaouzwa kwa wingi umetoka Uganda. Mwaka 2023, malori ya nafaka kutoka huko yalipozuiwa kwa sababu ya sumukuvu, ilidhihirika jinsi sufuria za mji zinavyotegemea barabara ya Nimule, mpakani mwa Uganda. Ndipo watu hukumbushana kuhusu mashamba ya serikali, likiwamo la Jebel Lado, kaskazini mwa mji, ambako kampuni ya Kiizraeli ya Green Horizon ililima kwa mkataba na serikali.

Wabari, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa na mpango wao wa chakula. Ardhi ilikuwa na msimamizi wake, monyekak, na mvua ilikuwa na mkuu wake, matat lo piong. Mkuu wa mvua alipewa heshima na ng'ombe, lakini kwa sharti kali: mvua ikigoma, aliulizwa yeye. Nyiggilo wa Bilinyan, mtu mashuhuri aliyefanya biashara na wageni wa Mto Nile, aliuawa na watu wake katika ukame wa 1859. Sisemi mameneja wa mashamba wakatwe shingo! Ninachokitazama ni kwamba kila mwenye njaa alijua mlango wa kubisha.

Galana-Kulalu, pwani ya Kenya, mlango huo haukuonekana. Mwaka 2014 serikali ilianzisha shamba la mfano la ekari 10,000, nalo likakabidhiwa kampuni nyingine ya Kiizraeli. Mavuno hayakufikia ahadi, malipo yakazua mabishano, mkandarasi akaondoka. Mwananchi aliyengoja unga wa bei nafuu hakuwa na wa kumuuliza.

Mwea, skimu ya mpunga ya Kenya, ndiyo inayonishughulisha zaidi. Mifereji yake ilichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, kisha Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji ikawafanya wakulima wapangaji: ilipanga msimu, ikachukua mpunga wote, ikaamua bei. Mpunga mwingine ulivushwa usiku kwa magendo. Mwaka 1998 wakulima wakagoma kuupeleka kwa Bodi, wakauza wenyewe kupitia ushirika wao. Ushindi huo ulikuwa na gharama, maana mifereji ilijaa tope na ushirika haukuwa na mitambo ya kuizibua. Serikali ikarudi kwa mapatano: Bodi ishike chanzo na mifereji mikuu, vyama vya watumiaji maji vishike midogo, mpunga ubaki wa aliyeulima. Bwawa la Thiba, lililokamilika 2022, limejengwa juu ya mapatano hayo, na Mwea ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mchele unaolimwa Kenya.

Kwa hiyo sipimi uhai wa shamba la serikali kwa idadi ya matrekta, bali kwa kuwapo kwa mlango wa kubisha. Jebel Lado, mazungumzo ya namna ya Mwea yangeanzia kwa monyekak, kabla ya trekta la kwanza kuwashwa.